Je, vitamini C, mlonge na kitunguu saumu vinaweza kuwakinga samaki wa bwawani na viuatilifu?

Swali: "Shikamoo, mtaalamu. Nafuga sato na kambale wachache katika mabwawa mawili karibu na Ilula, mkoani Iringa. Maji nayatoa kwenye kijito kinachopita kando ya mashamba ya nyanya, na majirani zangu hupuliza dawa mara kwa mara kwa sababu ya kanitangaze, yule mdudu wa nyanya. Mwezi uliopita, siku moja baada ya mvua kubwa, bwawa la juu lilipoteza samaki wengi kwa muda wa saa chache. Nimeambiwa kwamba nikiwachanganyia samaki vitamini C, unga wa mlonge na kitunguu saumu kwenye chakula, sumu haitawadhuru tena. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, niweke kiasi gani? Tena, wale waliobaki hai naweza kuwauza Pasaka?"

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa hasara hiyo. Uliyoambiwa yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umenyoshwa kupita kiasi chake. Chakula chenye vitamini na virutubisho vya aina hiyo humsaidia samaki kustahimili sumu kidogo inayomfikia siku baada ya siku. Hakimwokoi samaki aliyevamiwa na sumu nyingi kwa mara moja, na kwa maelezo yako, bwawa lako la juu lilivamiwa kwa namna hiyo ya pili. Ningependa uelewe kwa nini mambo haya mawili ni tofauti, kwa sababu ukishaelewa utajua fedha yako uipeleke wapi kwanza.

Kabla ya kuilaumu dawa, hata hivyo, ni lazima tuondoe shaka moja. Vifo vingi vya ghafla bwawani husababishwa na upungufu wa oksijeni, na mvua kubwa inaweza kuuleta kwa kusukuma tope na mabaki ya majani ndani ya maji. Samaki wanaokosa oksijeni hupanda juu alfajiri wakihema kwa midomo usawa wa maji, wakubwa hutangulia kufa, na jua likishapanda walionusurika hupata nafuu. Sumu ya dawa haina saa maalumu. Mara nyingi vifaranga ndio hutangulia, na wadudu wa majini huelea wamekufa pamoja nao. Samaki hukimbia ovyo, huzunguka kama pia, hugonga kingo za bwawa, kisha hulala ubavu huku wakitetemeka. Kama uliokota maiti zenye mapezi ya kifuani yaliyokakamaa na kuelekea mbele, upande wa kichwa, hiyo ni dalili inayojulikana ya dawa za kundi la ogano-fosfati, kundi ambamo zimo profenofosi na klopirifosi. Nimewahi kusimama kwenye ukingo wa bwawa moja asubuhi, vifaranga wakiwa wametanda juu ya maji kwa mkao huo mmoja kana kwamba wamepangwa, na chura wakiwa wamekufa kwenye nyasi za mfereji. Hapakuwa na haja ya kipimo cha oksijeni kutuambia kilichotokea.

Sasa tuingie kwenye kiini cha swali. Oksijeni inayompa samaki uhai ina upande wake wa hatari: ndani ya seli, sehemu ndogo yake hugeuka kuwa molekuli chokozi, kama vile supaoksaidi na peroksaidi ya hidrojeni, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa chochote zinachogusa. Samaki mwenye afya ana askari wa kuzituliza. Wapo vimeng'enya vitatu vinavyotajwa mno katika tafiti, yaani supaoksaidi dismutasi, katalasi na glutathioni peroksidasi, na pamoja navyo zipo molekuli ndogo ambazo nyingine samaki hujitengenezea na nyingine huzipata kwenye chakula tu. Hizi ndizo tunazoziita antioksidanti. Viuatilifu vingi vikiingia mwilini, ini hulazimika kuvivunjavunja, na katika kazi hiyo molekuli chokozi huongezeka hadi askari wazidiwe. Hapo mafuta yaliyomo katika tando za seli huanza kuharibika kwa mfuatano, molekuli moja ikiiharibu nyingine. Samaki yuko hatarini zaidi ya mnyama wa nchi kavu katika jambo hili, kwa kuwa tando za seli zake zina mafuta laini yasiyoganda kwenye maji ya baridi, na mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayoharibika upesi. Matamvua, ini na ubongo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Antioksidanti za chakula hufanya kazi hapo, katika uharibifu huo unaofuata. Ila kwa dawa nyingi za wadudu, uharibifu huo ni jeraha la pili. Jeraha la kwanza ni la mishipa ya fahamu. Ogano-fosfati hukifunga kimeng'enya kinachozima ishara kati ya neva na msuli, kiitwacho asetilikolinesterasi, nayo misuli ikabaki inaamrishwa bila kukoma hadi samaki ashindwe kupumua. Dawa za kundi la pairethroidi, kama vile saipametrini, deltametrini na lambda-saihalotrini, huiacha wazi milango ya sodiamu katika neva, na samaki hana uwezo mkubwa wa kuzivunja kama walivyo nao ndege na wanyama wanyonyeshao. Vitamini C haifungui kimeng'enya kilichofungwa, wala haifungi mlango ulioachwa wazi. Kuna dawa chache ambazo kuzalisha molekuli chokozi ndiyo silaha yake kuu, na mfano ulio wazi ni parakwati, dawa ya magugu. Kwa dawa hiyo moja, hoja ya antioksidanti ina uzito zaidi. Kwa dawa za kanitangaze, sivyo.

Tufanye hesabu ndogo ili uone ukubwa wa jambo. Kwa samaki kadhaa wa maji baridi waliopimwa maabara, lambda-saihalotrini huua nusu yao ndani ya siku nne ikiwa majini kwa kiwango kisichofika mikrogramu 1 kwa lita. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 1 lina lita 300,000. Ili kulifikisha kwenye mikrogramu 1 kwa lita, zinahitajika gramu 0.3 tu za dawa halisi, na katika chupa ya dawa yenye gramu 50 kwa lita, kiasi hicho ni mililita 6, yaani kijiko cha chai kimoja na kidogo juu yake. Ni kweli kwamba bwawani tope na majani hunasa sehemu kubwa ya pairethroidi, hivyo hali haiwi mbaya kama ya maabara. Hata hivyo, mtu mmoja anayesuuza bomba la mgongoni kwenye kijito juu ya mfereji wako anaweza kumwaga kiasi kinachokaribia hicho bila kujua. Hakuna kiasi cha mlonge kitakachoshindana na kijiko hicho.

Basi kwa nini tafiti nyingi zinasema antioksidanti husaidia? Kwa sababu zinajibu swali jingine. Majaribio ya namna hii yamefanywa kwa wingi Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki na ambako sato ndiye samaki wake mkuu, na pia India na Uturuki kwa samaki wa jamii za kapu na trauti. Muundo wake hufanana: samaki hugawanywa makundi manne, kundi moja halipewi chochote, la pili hupewa sumu, la tatu chakula chenye kirutubisho, la nne vyote viwili. Kiwango cha sumu huchaguliwa kwa makusudi kiwe chini sana ya kile kinachoua, mara nyingi sehemu ya kumi yake au pungufu, na jaribio huchukua wiki nne hadi nane. Mwishoni hupimwa damu, vimeng'enya vya ini na kiasi cha mafuta yaliyoharibika. Katika majaribio mengi kundi la nne hutoka na hali bora kuliko la pili, ingawa halirudi sawasawa na la kwanza. Nayaamini matokeo hayo, na yana maana kwako, kwa sababu mfugaji aliye chini ya mashamba ya nyanya hupokea sumu kidogo ya kila siku pamoja na yale mafuriko ya mara chache. Sumu hiyo ndogo haiui, lakini hudumaza ukuaji, hupunguza mayai, na humwacha samaki mnyonge mbele ya bakteria. Hapo ndipo chakula bora kinapolipa.

Kati ya virutubisho vyote ningeanza na vitamini C. Mbuzi wako na kuku wako hujitengenezea vitamini hii wenyewe. Sato na kambale, kama sisi binadamu, hawawezi, kwa kuwa wanakosa kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza. Wanategemea chakula, na kidogo wanachookota katika mwani wa bwawani. Kazi yake haiishii kwenye kutuliza molekuli chokozi, kwani bila vitamini C mwili haujengi kolajeni imara, ile nyuzi inayoshikilia mifupa na ngozi, na ndiyo sababu samaki aliyeikosa hupinda mgongo na vidonda vyake haviponi. Uhusiano wake na viuatilifu umejulikana muda mrefu. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliwalisha kambale wa kwao viwango tofauti vya vitamini C huku wakiwaweka kwenye maji yenye toksafini, dawa iliyotumika kwenye pamba na ambayo wazee wetu waliifahamu kwenye majosho ya ng'ombe. Sumu hiyo ilipunguza kolajeni ya uti wa mgongo, na waliokula vitamini C zaidi waliistahimili vizuri zaidi. Tangu hapo fikra imekuwa kwamba samaki anayepambana na sumu huitumia vitamini hii kwa kasi, na chakula kinachomtosha siku za kawaida huacha kumtosha.

Vitamini E huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hukaa ndani ya utando wa seli wenyewe na kuukata ule mfuatano wa uharibifu mahali unapotokea. Ikishafanya kazi hiyo huchoka, na vitamini C huirudishia nguvu; ndiyo maana ni afadhali kuzitoa zote mbili kuliko kuongeza moja maradufu. Seleniamu nayo ni sehemu ya kile kimeng'enya cha glutathioni peroksidasi, na ni lazima iwepo, lakini hitaji lake huhesabiwa kwa sehemu za miligramu katika kilo ya chakula, na ikizidi hugeuka kuwa sumu. Tafadhali usiinunue peke yake na kuipima kwa kijiko. Ile iliyomo katika mchanganyiko wa vitamini na madini wa samaki inatosha.

Kuhusu mlonge, majani yake yana karotenoidi na viambato vingi vyenye uwezo wa kutuliza molekuli chokozi, na siyapuuzi. Yakikaushwa juani hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, kwa hiyo yaanikwe kivulini, mahali penye upepo, mpaka yavunjike mkononi yakiwa bado na rangi ya kijani. Yana pia saponini na tanini zinazomzuia samaki kunufaika na chakula. Katika majaribio ya sato, mlonge ulipochukua zaidi ya sehemu ya kumi ya protini ya chakula, ukuaji ulishuka. Gramu 20 hadi 30 za unga katika kilo ya chakula ni kiasi ninachokiona salama. Kitunguu saumu hutegemea alisini, kiambato chake chenye nguvu, ambayo haimo kwenye punje nzima; huzaliwa punje inapopondwa, na moto huiua. Kwa hiyo kiponde, kiache dakika kumi, kisha ukipake kwenye chakula kilichokwisha tengenezwa, gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kuchemsha kitunguu saumu pamoja na ugali wa pumba, kama nilivyoona wengine wakifanya, kunabakiza harufu tu. Viwili hivi navihesabu kama nyongeza juu ya vitamini, na si mbadala wake, kwa sababu nguvu ya jani au punje hubadilika kutoka msimu hadi msimu na hakuna anayekupimia.

Naomba sasa uniruhusu nikae kidogo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko mlonge na kitunguu saumu kwa pamoja. Nenda stoo, fungua gunia la dagaa wa kusaga na lile la pumba laini za mpunga, chukua konzi moja ya kila kimoja, usugue kwa viganja, unuse. Kama harufu inakwaruza koo kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, basi mafuta yaliyomo yameshaharibika, na unawalisha samaki wako uharibifu uleule ambao vitamini E inatakiwa kuuzuia. Vitamini utakayoongeza itatumika kupambana na chakula kabla haijapata nafasi ya kupambana na dawa. Pumba laini za mpunga huharibika haraka baada ya kukobolewa, na dagaa waliokaa miezi kwenye stoo yenye bati la moto ni hivyohivyo. Tazama pia mashudu ya alizeti na mahindi yaliyoingiwa na unyevu: ukungu huzalisha sumukuvu, na sumukuvu hulenga ini, kiungo kilekile kinachotakiwa kuvunja viuatilifu. Nimepasua samaki wa mabwawa ya namna hii nikakuta ini lililopauka, la rangi ya njano ya udongo, linalomeguka likiguswa, ilhali linapaswa kuwa jekundu lililoiva na kushikana. Samaki mwenye ini hilo huuawa na kiasi cha dawa ambacho jirani yake mwenye afya angekistahimili. Nunua chakula cha wiki chache tu, kiweke juu ya chaga mbali na ukuta, na kilichopata ukungu usikiokoe kwa kukianika, kwani ukungu hufa na sumukuvu hubaki.

Kuhusu kiasi, chukulia una sato 1,000 wenye wastani wa gramu 100. Uzito wao ni kilo 100, na kwa asilimia 3 wanakula kilo 3 kwa siku. Kwa msimu wa kupuliza dawa napendekeza miligramu 500 za vitamini C kwa kilo ya chakula, ambazo kwa kilo 3 ni gramu 1.5. Usinunue asidi ya askobiki ya kawaida ukiweza kuiepuka, kwa kuwa huharibiwa na joto, hewa na unyevu, na huyeyuka majini kabla samaki hajameza. Ulizia ile iliyofungwa na fosfati, ambayo kwa kawaida huandikwa kuwa na nguvu ya asilimia 35; ya namna hiyo utahitaji gramu 4.3 kwa siku. Vitamini E iwe miligramu 200 kwa kilo, yaani miligramu 600 kwa siku, na kama unga ulionunua una nguvu ya asilimia 50, pima gramu 1.2. Mzani mdogo wa jikoni unaosoma sehemu za gramu ni wa lazima hapa.

Koroga vitamini C katika maji safi kiasi cha robo kikombe, yanyunyize taratibu juu ya chakula cha tembe kilichotandazwa kwenye turubai, na ukigeuze kwa mikono mpaka kila tembe ipate unyevu. Kiache kivulini nusu saa. Kisha changanya vitamini E na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti mabichi, yasiyotumika, ukipake kote; mafuta hayo hufunika tembe na kuchelewesha vitamini C isitoroke majini. Walishe siku hiyohiyo, kidogokidogo, ukihakikisha wanamaliza. Anza wiki tatu hadi nne kabla ya upuliziaji kushika kasi, maana ini na misuli huhitaji muda wa kujaza akiba, na endelea mpaka msimu upite. Kuanza siku ile samaki wanapokufa hakusaidii: samaki aliyelewa sumu hali, na chakula kinachooza chini kitakuongezea tatizo la oksijeni.

Yote hayo yakishafanyika, bado mlango mkuu wa sumu ni mfereji wako. Ningeanza na bwawa dogo la kutulizia maji, lililopandwa matete au mafunjo, likae kati ya kijito na bwawa la juu. Pairethroidi na klopirifosi hupenda kushikamana na tope na mimea kuliko kubaki ndani ya maji, kwa hiyo maji yakipita polepole humo huacha sehemu ya mzigo wake. Funga mfereji kabla mvua kubwa haijashuka, na usiufungue kwa maji ya kwanza ya mafuriko, ambayo ndiyo hubeba dawa iliyolala juu ya majani na udongo. Na kabla ya kufungua, fanya jaribio ambalo halina gharama. Chukua ndoo mbili za lita 20, moja yenye maji ya kijito na nyingine yenye maji ya bwawa la chini lisilo na tatizo, weka vifaranga watano katika kila moja, ziache kivulini saa 24 bila chakula. Vifaranga wa maji ya kijito wakihangaika, wakigeuka rangi au wakifa ilhali wenzao wametulia, usifungue. Wakiwa wazima, maana yake ni kwamba hakuna sumu ya kuua kwa siku moja. Haimaanishi kwamba maji hayana dawa kabisa.

Zungumza na majirani zako kabla ya msimu, nawe uwaendee kama jirani anayeomba. Wengi wao hawajui kwamba kusuuza bomba kijitoni kuna uzito huo wa kijiko cha chai, na nimeona wakulima wakibadilika walipoonyeshwa ndoo yenye vifaranga waliokufa. Waombe wakupe taarifa ya siku za kupuliza na wamwage masuuzo shambani, mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, shughuli zinazoweza kuviharibu, na mtendaji wa kijiji anaweza kukusaidia kuwakumbusha bila ugomvi. Tangu kanitangaze aingie nchini mwaka 2014 wakulima wa nyanya wamekuwa katika dhiki ya kweli, wakipuliza zaidi na kuvuna pungufu, kwa hiyo afisa ugani anayewafundisha mitego ya kunasa nondo wake na kubadilisha dawa kwa zamu atakuwa anawalinda pia samaki wako.

Kuna watu watakaokushauri umwage chokaa ili kuua sumu. Ni kweli kwamba ogano-fosfati huvunjika haraka zaidi katika maji yenye alkali, lakini alkali hiyohiyo hufanya amonia ya bwawani kuwa kali kwa samaki, nawe utakuwa umemtoa samaki kwenye sumu moja ukampeleka kwenye nyingine. Chokaa iwekwe kwenye bwawa tupu lililokaushwa. Ikitokea tena samaki wanakufa, funga maji yanayoingia, ongeza maji safi ya kisima kama unayo, acha kulisha, na jaza maji kwenye chupa ya kioo kutoka bwawani na kwenye mfereji, kwa sababu dawa nyingi hizi hung'ang'ania plastiki. Zifunike zisipate mwanga, zitie kwenye barafu pamoja na samaki wawili watatu waliokufa muda huo, uzipeleke kupitia afisa uvuvi wa wilaya. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina maabara Ngaramtoni, Arusha, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya, iliyo karibu nawe zaidi.

Limebaki swali lako la Pasaka. Antioksidanti hazitoi dawa mwilini mwa samaki. Zinapunguza dalili, na kwa hilo zinaweza hata kumfanya samaki aliyebeba mabaki ya dawa aonekane mzima kabisa, mwenye rangi nzuri na hamu ya kula. Ogano-fosfati na pairethroidi kwa kawaida hupungua mwilini ndani ya siku hadi wiki samaki akiwa kwenye maji safi, lakini bwawa lako si maji safi bado, kwa kuwa pairethroidi hukaa kwenye tope kwa wiki kadhaa, na kambale wako hula humohumo chini. Kama kilichoingia ni dawa ya zamani ya jamii ya organoklorini, mabaki hukaa kwenye mafuta ya samaki kwa miezi. Wavuvi na wenye viwanda wa Ziwa Victoria waliuonja uzito wa jambo hili mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu ya viuatilifu. Mlaji hakuhitaji kuona samaki mgonjwa ili apoteze imani.

Kwa hiyo waliobaki kwenye bwawa la juu usiwauze Pasaka hii, wala usiwapike nyumbani. Wahamishie kwenye maji ambayo hayakuguswa, wape chakula nilichokieleza, na baada ya wiki sita peleka samaki wachache wapimwe, kambale mmoja akiwemo, nyama na ini vikitenganishwa. Wa bwawa la chini, kama lilikuwa limefungwa siku ile na vifaranga wake hawakuonyesha dalili yoyote, mweleze afisa uvuvi historia yote kabla ya kuvua. Bwawa la juu likaushe, toa tope la juu kiasi cha kiganja ulifukie mbali na kijito, liache jua lilichome mpaka lipasuke, ndipo urudishe maji kupitia bwawa la matete.